Daftari la Mwalimu: Je, Ni Halali Kuchana Ukurasa?

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa mambo ya biashara tu: mwenye duka asiyeandika kilichoingia na kilichotoka hataijua siku mali yake ilipokwisha. Lakini mali ya mwanadamu si fedha pekee. Siku alizoishi ni mali. Mawazo aliyoyawaza, maneno aliyojifunza na watu aliokutana nao ni mali pia, na yote hayo hupotea bila habari yasipoandikwa. Kwa sababu hiyo tumekuwa tukiweka daftari la maisha yetu ya ualimu tangu mwaka 2004, hapa Kisoko, katika Wilaya ya Tororo. Makala haya yanakusudia kueleza yale ambayo daftari hilo limetufundisha. Zaidi ya hayo, yanakusudia kulichungua swali moja la maadili lililotusumbua kwa miaka kadhaa: mtu akigundua kwamba aliloliandika zamani ni kosa, tena ni dhuluma kwa mtu mwingine, je, ni halali kwake kuuchana ukurasa ule?

Msomaji huenda akauliza, ni daftari la namna gani? Lilianza kama daftari la msamiati. Anayefundisha Kiswahili katika sehemu hizi huishi katikati ya lugha nyingi. Kisoko ni nchi ya Jopadhola, ambao lugha yao ni Kidhopadhola; na katika wilaya hii na zile zinazopakana nayo utasikia pia Kinyole, Kisamia, Kiteso, Kigwere na Kiganda. Ukifika Busia au Malaba, utakuta mpaka wa Uganda na Kenya umepita katikati ya ndugu: Wasamia wako huku na huko, na Waiteso vivyo hivyo. Neno bodaboda, ambalo leo husemwa hata Dar es Salaam, lilizaliwa mpakani huku, kwa wapanda baiskeli waliowachukua abiria kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Mwalimu wa lugha akaaye mahali kama hapa bila daftari ni kama mvuvi aliyekwenda ziwani bila wavu.

Baada ya mwaka mmoja hivi daftari lilipanuka. Baada ya maneno tuliandika jinsi somo lilivyokwenda. Baada ya somo tukaandika habari za wanafunzi. Na mwishowe tukaanza kujiandika sisi wenyewe. Hatukuwa na nia ya kulichapisha wala kumwonyesha mtu.

Funzo la kwanza tulilolipata linahusu kudumu. Tulipoanza tulidhani kwamba mwenye kudumu ni yule asiyekosa hata siku moja. Mwaka 2009 tulipitisha miezi mizima bila kuandika neno, tukaona haya, tukakaribia kuliacha daftari kabisa. Ndipo tulipotambua kwamba haya ile ilikuwa ni majivuno yaliyovaa nguo nyingine. Kudumu si kutokosa. Kudumu ni kurudi baada ya kukosa. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo haikusema kwamba kila siku itakuwa na haba yake.

Funzo la pili linahusu ukweli. Kumbukumbu ya mtu ni wakili wake mwenyewe. Kila mwaka humtetea vizuri zaidi. Kwa mfano, Katiba ya Uganda iliporekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kutajwa kuwa lugha rasmi ya pili, sisi leo tungekuwa tayari kuapa kwamba tuliipokea habari ile kwa furaha. Daftari lasema vingine. Tuliandika kwa uchungu kwamba vitabu havipo, na kwamba wazazi wengi bado waliikumbuka lugha hii kuwa ni sauti ya askari kizuizini barabarani. Mwaka 2022, Baraza la Mawaziri lilipoamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, tulizisoma tena kurasa zile. Zilitusaidia kuwaelewa walimu wenzetu wenye wasiwasi, kwa kuwa nasi tuliwahi kuwa na wasiwasi uo huo, ingawa tulikwisha kuusahau.

Hapana shaka hiyo ndiyo sababu kumbukumbu zilizoandikwa karibu na tukio zina uzito wa pekee. Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Kikuyu aliyekamatwa Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952, aliandika habari za maisha yake akiwa kizuizini. Kumbukumbu hizo zilichapwa kwa Kikuyu mwaka 1983, zikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Msomaji wake hasomi tu yale ambayo mzee aliyaamini baadaye. Husoma yale ambayo mfungwa aliyaona wakati ule, kabla hajajua mwisho wa kisa chake. Mwenye daftari naye huandika bila kuujua mwisho. Hiyo ndiyo faida yake, na hiyo pia ndiyo hatari yake.

Hatari hiyo tuliiona kama ifuatavyo. Mwaka 2006 tulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa mzaliwa wa huku, lakini alilelewa miaka michache Mombasa kwa mama yake mdogo. Katika insha yake aliandika kwamba mgeni wao angefika mtondo. Sisi hatukulijua neno hilo. Tulilipiga msalaba kwa wino mwekundu, tukamwuliza mbele ya darasa amelitoa wapi. Alisema kwamba ndivyo wasemavyo Mombasa. Darasa likacheka, na sisi hatukulikataza. Jioni ile tuliandika katika daftari kwamba mwanafunzi huyu hubuni maneno ili kuuficha uvivu wake, na kwamba si wa kuaminiwa.

Laiti mambo yangekomea hapo! Muhula uliofuata tulitakiwa kupendekeza majina ya wanafunzi wa kuingia katika mashindano ya insha. Tulifungua daftari letu ili tutende haki, tukasoma tuliyoyaandika, na jina lake tukaliacha. Yaani daftari tuliloliweka ili litusaidie kukumbuka ndilo lililotuzuia kumtazama mtoto upya. Hukumu ya jioni moja, iliyotolewa na mtu aliyechoka, iligeuka kuwa ushahidi kwa sababu tu ilikuwa imeandikwa.

Mwaka 2011, tukitafuta neno jingine katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981, macho yetu yaliangukia neno mtondo. Baada ya leo ni kesho. Baada ya kesho ni kesho kutwa. Siku inayofuata kesho kutwa ndiyo mtondo, na baada yake ni mtondogoo. Mtoto alikuwa sahihi. Mjinga alikuwa mwalimu.

Hapo ndipo swali la kuchana ukurasa lilipozuka. Tulimshauri mwalimu mwenzetu mmoja, mtu mzima tunayemheshimu, naye alitwambia tuuchane bila kusita. Alisema: "Ukurasa huo ni mwiba. Anayeuacha njiani anataka umchome nani?" Hoja yake ilikuwa nzito. Katika utamaduni wa Waswahili sitara ni jambo kubwa. Kumsitiri mwenzio ni uungwana. Maneno yale yalimvunjia mtoto heshima, na karatasi huishi kuliko mtu. Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua nyingi kati ya mwaka 1931 na 1958. Zilikuwa barua za ndugu kwa ndugu. Lakini miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1962 zilichapwa, na leo twaweza kuzisoma sote. Nani basi ajuaye daftari la mwalimu wa Kisoko litaangukia mikononi mwa nani?

Hata hivyo, tulipoipima hoja hiyo tuliona kwamba ina kasoro. Sitara ni kuifunika aibu ya mwenzio. Ukurasa ule ulikuwa na aibu ya nani? Jina la mtoto laweza kufutwa kwa kalamu, naye akasitirika. Kinachobaki baada ya hapo ni aibu yetu sisi. Kuuchana ukurasa kwa kusingizia heshima ya mtoto, ilhali tunaikinga heshima yetu, si sitara bali ni hila. Isitoshe, tukichana kila tulipokosea, daftari litakalobaki litakuwa la mtu ambaye hakuwahi kukosea, na mtu huyo hajazaliwa.

Augustino wa Hippo, askofu na mwanafalsafa wa Afrika ya Kaskazini, alipokuwa mzee, miaka michache kabla ya kufa kwake mwaka 430, alivipitia vitabu vyake kimoja baada ya kimoja, akaandika kitabu kingine cha kutaja mahali alipokosea. Vitabu vile vilikwisha kutawanyika, na hakuweza kuvirudisha nyumbani. Aliweza tu kuweka sahihisho kando ya kosa, kila kimoja kionekane. Sisi tuliifuata njia hiyo. Tulifuta jina la mwanafunzi, tukaacha maneno mengine yote, na pambizoni tukaandika kwa tarehe ya siku ile kwamba mtondo ni neno sanifu na kwamba tulikosea. Tukafunga daftari, na moyo wetu ukatulia.

Kumbe ulitulia mapema mno. Mwaka 2013 tulikuwa Busia kwa shughuli zetu, tukaingia katika duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Mwenye duka alisimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa ni yeye. Baada ya kuulizana hali tuliona kwamba haifai kuondoka bila kusema. Tulimweleza habari ya kamusi, tukamwambia kwamba neno lake lilikuwa sahihi na kwamba tumekwisha kuliandika hivyo katika daftari letu. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nilijua tangu siku ile kwamba neno ni sahihi, maana mama mdogo alilisema kila juma. Nisichokijua ni kama na mimi nilisahihishwa."

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi nyumbani tulifungua ukurasa ule, tukaona kwamba ndivyo hasa ilivyokuwa. Tulikuwa tumelitetea neno, mtoto tukamwacha alipokuwa. Sahihisho letu lilihusu msamiati. Lakini kosa letu kubwa halikuwa la msamiati. Tulisema kwamba yeye ni mvivu na mwongo, na maneno hayo mawili yalikuwa bado yamesimama pale bila kuguswa, miaka miwili baada ya sisi kujiona tumetubu. Jioni ile tuliandika pambizoni kwamba hakuwa mvivu wala mwongo, na kwamba tulimnyima nafasi aliyoistahili. Juma lililofuata tulirudi Busia tukamwambia hivyo, kwa maana sahihisho lililofungiwa kabatini halimfikii aliyekosewa. Nafasi ya mashindano hatukuweza kumrudishia.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili: si halali kuuchana ukurasa, lakini kuuacha hivi hivi si halali pia. Kosa libaki, jina la aliyedhulumiwa lifutwe, sahihisho liwekwe kando yake na tarehe. Na kama mtu yule yu hai na anapatikana, sahihisho limfikie. Tena msahihishaji ajiulize kama amesahihisha jambo tu, au amemsahihishia mtu haki yake.

Walimu wenzetu tunawausia mambo matatu. Kwanza, wawekeni wanafunzi katika mazoea ya kuandika daftari lao wenyewe, japo mistari miwili kwa siku, na msiyatie alama makosa ya sarufi humo. Daftari la nafsi si mtihani. Pili, mnapoandika habari za mwanafunzi, andikeni alilolitenda, msiandike alivyo. Kusema kwamba ametumia neno nisilolijua ni habari. Kusema kwamba ni mzushi ni hukumu, na hukumu yataka ushahidi. Tatu, mkikutana na neno geni katika insha, hasa huku kwetu ambako watoto huvuka mpaka na kurudi na maneno kama wachuuzi warudivyo na bidhaa, ulizeni kwanza, wino mwekundu uje baadaye.

Daftari letu la sasa ni la kumi na moja. Tangu mwaka ule wa 2013, kabla ya kuandika lolote katika daftari jipya, huchukua rula tukapiga mstari na kuacha pambizo pana katika kila ukurasa, kwa ajili ya yale tutakayoyajua baadaye. Wenzetu wanaoliona jambo hili kwa namna nyingine, na hasa wanaoamini kwamba ukurasa ule ulistahili kuchanwa, tunawaomba watujibu katika jarida hili. Tutayasoma majibu yao kwa makini, na pambizo ipo.