Sitara Isiyomsitiri Mzee

 

Ndugu zangu waumini wa Mtanda, nanyi mtakaosomewa maneno haya huko Mingoyo, Mchinga na Kilwa, katika aya ya 70 ya Sura an-Nahl, na tena katika aya ya 5 ya Sura al-Hajj, Mola wetu ametukumbusha kwamba miongoni mwetu wamo watakaofishwa mapema, na wamo watakaorejeshwa kwenye umri dhalili kupita umri wote, hata wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walikuwa wakijua. Aliyekuwa akisomesha juzuu bila kutazama msahafu huwa hajui kama amekwisha sali adhuhuri au bado, na bibi aliyelea wajukuu na vitukuu humwita bintiye kwa jina la dada aliyekufa zamani, kisha usiku wa manane hushika njia ya pwani kumpokea mume ambaye bahari ilimchukua tangu enzi za majahazi. Matabibu huyaita maradhi hayo demensia, nayo ni maradhi ya ubongo kama yalivyo maradhi ya moyo au ya figo. Si pepo, wala si uchawi, na anayempachika mzee jina la mchawi kwa kuwa amemsikia akisema peke yake gizani amejitwika dhambi nzito.

Sikukusudia leo kueleza fadhila za kuwatendea wema wazazi, kwa kuwa hakuna mtoto wa chuoni asiyejua kwamba tumekatazwa hata neno dogo la kuwaonyesha kukereka. Nimekusudia jambo lisilotajwa sana juu ya membari, nalo ni wajibu wetu pale mzazi anapokuwa amekwisha dhulumiwa, na aliyemdhulumu akawa ni mwanawe, au mkaza mwana, au mtu aliyeajiriwa kumtunza. Dhuluma hiyo haina haja ya kusimuliwa kwa mbali. Ni kifundo cha mkono chenye alama ya kamba ya makumbi iliyofungwa kwenye tendegu la kitanda. Ni chumba cha uani kilichotiwa kufuli tangu alfajiri, na ndani yake mzee amelala juu ya mkojo wake, kando ya kikombe cha uji uliokwisha ganda. Na msimu wa korosho ukifika, ni kidole gumba chenye wino wa buluu, ambao mwenye kidole hajui umetoka wapi, ilhali karatasi imekwisha ondoka na shamba la mikorosho limekwisha pata bwana mwingine.

Jirani wanaona, na jamaa wanajua, lakini kila mmoja hujifunika kwa neno sitara: kwamba aibu ya nyumba haitolewi barazani, na kwamba kumshitaki ndugu wa tumbo moja ni kukata udugu. Hakika sitara ni jambo tukufu katika dini yetu, lakini ni sitara ya kumfunika mja aliyeteleza baina yake na Mola wake, wala haikuwekwa ili mwenye kupiga apate mahali pa kupigia. Aya ya 135 ya Sura an-Nisaa imetuamuru tuisimamishe haki na kuishuhudia, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu wa karibu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotuhimiza kumnusuru ndugu yetu akiwa dhalimu au mdhulumiwa, akaulizwa dhalimu atanusuriwaje, alijibu kuwa ni kwa kumzuia na dhuluma yake. Kwa hiyo anayemzuia nduguye kumpiga mama yao amewanusuru wote wawili kwa tendo moja, hata kama nduguye hatamwamkia tena mpaka Idi ya mwaka ujao.

Lakini kabla ya kumtuhumu mtu ni lazima tuthibitishe, kama tulivyoamrishwa katika Sura al-Hujurat, kwa sababu maradhi haya yenyewe huzaa tuhuma. Mgonjwa huficha fedha zake chini ya godoro, akasahau, akalia kuwa ameibiwa. Hula akakana kuwa amekula. Huanguka chooni akavilia damu, akasema amepigwa. Wapo mabinti wema waliochafuliwa jina mtaa mzima kwa maneno ya mgonjwa. Basi nendeni wenyewe, tena bila kutangaza safari, mkamwogeshe mzee kwa mikono yenu mkautazama mwili wake, mkaangalia uzito wake na vidonda vya mgongoni, na mkampeleka kwa daktari katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, apate kueleza yapi ni ya maradhi na yapi ni ya mkono wa mtu.

Ikidhihiri kuwa ni mkono wa mtu, milango ya sheria ipo. Kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa hupelekwa lile linaloweza kutengenezwa kwa usimamizi na onyo. Lakini mzee aliyejeruhiwa hupelekwa polisi, wakatoa fomu ya PF3, ambayo daktari huandika juu yake aliyoyaona, na karatasi hiyo itasema mahakamani siku ambayo mzee mwenyewe atakuwa amekwisha sahau. Wala asiambiwe mtu kuwa mkongwe hana ushahidi, kwani Sheria ya Ushahidi humwacha hakimu ampime kama afahamu anachoulizwa. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haitazami kipigo peke yake: imemwajibisha kila mwenye kumtunza mtu asiyejiweza kwa umri, maradhi au upungufu wa akili kumpatia mahitaji ya uhai wake, na kumnyima ni kosa. Asiye na fedha ya wakili asirudi nyuma, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia maskini bila malipo. Huku kwetu wazee wengi hutunzwa majumbani, lakini aliye na jamaa katika makao ya serikali, kama yale ya Nunge huko Kigamboni, naye akaona udhalilishaji, aweza pia kulalamika kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kuhusu mali, sheria ya nchi na fikihi zinakutana. Katika aya ya 282 ya Sura al-Baqara, asiyeweza kuandikisha mwenyewe huandikishiwa na walii wake kwa uadilifu. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hailihesabu patano la mtu ambaye, wakati wa kulifunga, hakuwa na akili ya kulifahamu na kupima athari yake. Kwa hiyo lile dole gumba la wino wa buluu laweza kupingwa. Walii naye hajiteui mwenyewe kwa kuwa ni kifungua mimba au kwa kuwa sauti yake ni kubwa: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamwelekeza ndugu aiombe mahakama, nayo huichunguza kwanza hali ya mgonjwa, kisha humweka msimamizi wa mali atakayetoa hesabu. Kadhi wetu wa Bara, ambaye si kama wenzake wa Zanzibar na Kenya wenye mahakama ndani ya sheria za dola, suluhu yake ni njema kwa wanaoitaka suluhu, lakini haimfungi mkaidi.

Sasa nawageukia ninyi mlioko Dar es Salaam na Maskati, mnaotuma fedha mwisho wa mwezi na maagizo kila siku. Aghalabu aliyefikia kumfungia mama mlango ni binti mmoja aliyeachiwa mzigo peke yake, halali usiku, ameacha biashara yake ya vitumbua, na hakuna aliyemuuliza yeye anakula nini. Hilo halihalalishi kufuli, lakini linawaingiza na ninyi katika kesi. Aya ya 6 ya Sura an-Nisaa imemruhusu mlezi wa yatima aliye fakiri kula katika mali ile kwa wema, na kumtaka tajiri ajizuie; na mimi, kwa kiyasi hicho, naona binti huyo astahili ujira wa haki kutoka katika mali ya mama akiwa anayo, na katika mifuko yenu akiwa hana, uandikwe kiasi chake mbele ya mashahidi wawili, na ndugu wapeane zamu za usiku kwa majina na siku.