NI NANI ANAYESEMA "SISI"?



Ndugu waislamu, wazee wetu, wamama na vijana, leo tunataka kuzungumza juu ya neno moja dogo ambalo limeingia katika kila mlango wa inchi yetu. Neno lenyewe ni ekipe. Kuna ekipe ya waganga kwenye hospitali, ekipe ya walimu kwenye masomo, ekipe ya wachimbaji ndani ya shimo la dhahabu, ekipe ya mashirika yanayogawa unga na mafuta kwa wakimbizi. Shefu akisimama asubuhi mbele ya watu wake, hasemi tena "ninyi wafanyakazi wangu". Anasema "sisi ni ekipe moja, sisi ni familia moja". Na neno hilo ni tamu. Sisi watu wa huku tunalipenda upesi, kwa sababu tangu utoto tumefundishwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini mwenye akili hulipima neno kabla ya kulimeza. Mtu akikuita ndugu katika kazi, je, anakuongezea haki au anakupunguzia? Wengi wetu tumeona jambo hili kwa macho: mshahara wa miezi mitatu haujatoka, kijana anapiga moyo konde, anauliza. Anajibiwa kwamba hana roho ya ekipe. Tazameni vizuri jibu hilo. Kijana ameuliza juu ya makuta, yeye anajibiwa juu ya tabia yake. Akitoka mle ndani ni yeye mwenye haya, wala si yule anayemdai.

Mchezo huu si wa leo. Wazee wetu walisimuliwa na wazazi wao juu ya pamba. Wabelgiji waliianza pamba ya lazima mwaka wa 1917, na Maniema yetu ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kuonja. Mwanakijiji alidaiwa siku 60 za kazi kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka wa 1942, siku zikapandishwa hadi 120. Hata kazi ile haikukosa jina zuri: iliitwa kazi ya kuelimisha wenyeji. Halafu, katika miaka ya 1970, tukapata salongo. Kufagia barabara, kukata majani, kulima shamba la Leta, yote kwa jina la umoja, na asiyefika aliadhibiwa. Wakati uleule "bwana" na "bibi" zilifutwa, watu wote wakawa "sitwayeni", kuanzia prezidenti mpaka mfagiaji wa soko. Katiba ya 1974 ikasema kila Mzairwa ni memba wa chama. Mtoto alizaliwa ndani ya ekipe kabla ya kupewa jina! Usawa ulikuwa mdomoni. Kwenye sahani kila mtu alijua ukubwa wa kipande chake.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ule wa mpira, na wale wenye mvi watakumbuka vizuri. Mwezi wa tatu mwaka wa 1974, Léopards wetu walichukua Kombe la Afrika kule Misri. Walitoka sare ya 2 kwa 2 na Zambia, wakarudia mchezo, wakashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne aliyafunga Ndaye Mulamba, ambaye katika mashindano yale peke yake alifunga mabao 9. Wachezaji wakapokelewa kama wafalme, wakapewa nyumba na magari. Siku hizo wote walikuwa "watoto wetu".

Miezi mitatu baadaye wakaenda Ujerumani, timu ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kucheza Kombe la Dunia. Tarehe 14 mwezi wa sita walifungwa na Scotland mabao 2, si aibu hata kidogo. Baada ya hapo, kama wachezaji wenyewe walivyosimulia miaka mingi baadaye, walijua kwamba primi waliyoahidiwa haitawafikia. Ilikuwa imeyeyuka mikononi mwa wakubwa waliofuatana nao. Walitaka kukataa kuingia uwanjani. Wakabembelezwa, wakaingia tarehe 18, na Yugoslavia ikawafunga mabao 9 kwa bila. Kisha, walisema, vikaja vitisho: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao 3, wasirudi nyumbani. Walifungwa 3 kamili. Katika mchezo ule ndipo Mwepu Ilunga alipotoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira wa adhabu ambao ulikuwa wa Wabrazil. Ulimwengu mzima ukacheka, ukasema Waafrika hawajui sheria za mpira. Mwepu alizijua. Alieleza baadaye kwamba hakuona sababu ya kuumia mguu kwa faida ya watu waliokaa kwenye viti.

Basi tuulize: ni nani aliyeivunja ekipe ile? Ni mchezaji aliyepoteza moyo, au ni aliyekula primi huku akisema "sisi"? Na baada ya pale lile "sisi" lilikwenda wapi? Ndaye Mulamba alipigwa risasi mguuni na wanyang'anyi mwaka wa 1994, akakimbilia Afrika Kusini, akaishi huko katika umaskini. Mwaka wa 1998 watu walinyamaza dakika moja kwa ajili yake kwenye Kombe la Afrika kule Burkina Faso, kwa sababu habari ilisema amekufa, na yeye alikuwa hai! Alikufa kweli mwaka wa 2019, kule Johannesburg. Kunyamaza dakika moja hakugharimu kitu. Kujua kama ndugu yako yuko hai kunahitaji angalau mtu mmoja wa kumtafuta.

Hapa mtu anaweza kutupinga, na upinzani wake una nguvu. Atasema: na wale wapiga mishale wa Uhud je? Mwaka wa tatu wa Hijra Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale hamsini juu ya kilima, chini ya Abdullah bin Jubair, akawakataza wasitoke hapo kwa hali yoyote. Walipoona adui anakimbia na ngawira iko chini, wengi wao wakashuka, adui akapita nyuma, waislamu wakauawa. Si wao pia walikuwa wanatafuta fungu lao?

Ndiyo, walikuwa wanalitafuta, na walikosa. Lakini tusichanganye mambo mawili. Wale wapiga mishale hawakuwa wamenyimwa chochote. Hakuna aliyekula haki yao. Hawakuuliza wala hawakumtuma mtu. Walikiacha tu kilima, na uhai wa wenzao ulikuwa umesimama juu ya kilima kile. Kiongozi wao naye hakuwa amekaa kwenye kivuli: siku ileile alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika. Ndiyo maana kosa lao ni zito. Kabla ya kumtupia mfanyakazi mfano wa Uhud, shefu na ajiulize kwanza kama yeye yuko mbele ya vita au yuko Kinshasa.

Na kinachofuata watu wengi hawakitaji. Baada ya msiba ule, Mwenyezi Mungu alimwamuru Mtume wake, katika Al-Imran aya ya 159, awasamehe, awaombee, na aendelee kushauriana nao katika mambo. Kushauriana nao, hao hao! Tungetegemea amri ya kuwafungia mdomo. Mwaka wa tano, walipochimba handaki la kuilinda Madina, shauri lilitoka kwa Salman Mfursi, mgeni asiye na kabila pale mjini, na Mtume mwenyewe akachimba na kubeba udongo, akiwa na njaa kama wenzake. Tunadhani mtu aliyeuona udongo ule kwenye tumbo la kiongozi wake hakuhitaji kuambiwa "sisi ni ekipe".

Wanazuoni wetu walilijua jambo hili katika biashara. Katika sheria ya ushirika, fungu la kila mmoja katika faida lazima lijulikane tangu mwanzo: nusu, thuluthi, robo. Wakiacha bila kutaja, ushirika umeharibika, hata wakipendana namna gani. Na mwenye mali akimpa mwenzake mtaji afanye kazi, hasara ikaja bila uzembe, mali iliyopotea ni ya mwenye mali. Mfanyakazi amekwisha kupoteza jasho lake, inatosha. Sasa nenda kwenye mashimo yetu. PDG wa shimo anawaambia wakreseri kwamba wao ni ekipe yake, lakini siku ya kugawa, gharama za pampu, chakula na mbao zinatoka kwenye daftari ambalo hakuna mwingine aliyelisoma. Wamama wa likelemba wanatushinda. Wao hawana hotuba wala kofia zenye jina la kundi. Wana orodha: leo ni zamu ya huyu, wiki ijayo ya yule, na hata asiyejua kusoma anajua zamu yake ni lini.

Tusije tukawasema wakubwa peke yao. Sisi wadogo nasi tunajificha ndani ya neno hili. Bomba la maji la kartye likiharibika, ni "letu sote", maana yake hakuna mtu wa kulitengeneza. Na kuna ekipe mbaya kuliko zote, ile ya kula. Katika biro fulani kila mwenye kupita lazima aache kitu, jioni kinagawanywa. Anakuja mfanyakazi mpya, mswalihina, anasema yeye hataki fungu hilo. Hawamsifu. Wanamwogopa, kwa sababu asiyekula anaweza kusema. Wanamwita mchawi wa ekipe, wanampa meza ya pembeni, na mwisho anahamishwa. Mke wake naye anamuuliza nyumbani kwa nini watoto wa wenzake wanalipiwa masomo na wake wanafukuzwa. Huyu, ndugu zangu, ndiye anayehitaji ndugu wa kweli, na mara nyingi sisi tunaoswali naye safu moja hatumuulizi hata hali. Aya ya pili ya Al-Maida ina sehemu mbili. Ile ya kusaidiana katika wema tumeihifadhi wote, tunaiandika hata kwenye kadi za michango. Ile ya kutosaidiana katika dhambi inasomwa upesi upesi.

Mtu atasema: basi nitii au nisitii? Tazama swala ya jamaa, ambayo tutaiswali sasa hivi. Hakuna utii ulionyooka kuliko huo: hatumtangulii imamu hata kwa rukuu. Lakini imamu akikosea, yule aliye nyuma anatamka "Subhanallah", naye anaweza kuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, na imamu ni alhaji mwenye elimu. Mwanamke naye anapiga kofi la mkono kutoka kwenye safu yake. Hakuna anayesema wamevunja jamaa. Imamu anarudi kwenye haki, na mwisho wa swala anasujudu sijida mbili za kusahau, na safu zote zinasujudu pamoja naye, hata wale ambao hawakukosea.

Wabillahi taufiq.