Neno Lenye Bei

Tukisikia habari za vijana wetu waliokwenda ng'ambo kujifunza biashara, wengi wetu twauliza habari za karo, baridi na chakula. Ni haki kuuliza hayo. Lakini liko jambo jingine katika maisha yao ya kila siku, lisiloonekana katika picha wanazoleta nyumbani, nalo latugusa sisi tuliolelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Huko mtu hupimwa kwa maneno ya kinywa chake, naye anyamazaye huhesabiwa kana kwamba hakuwapo. Twataka kuuliza kama kipimo hicho ni cha haki, na kama sisi tunacho kilicho bora.

Tuchukue shule moja ijulikanayo, yaani shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyo upande wa Boston wa mto Charles. Ilianzishwa mwaka 1908. Tangu 1919 hata 1942 mkuu wake alikuwa Wallace Donham, mtu aliyesoma sheria, akajua jinsi wanasheria wa chuo hicho walivyofundishwa kwa kuchunguza mashauri yaliyokwisha kuamuliwa na mahakama. Akaona kuwa biashara nayo yaweza kufundishwa hivyo. Basi mwalimu hasimami kueleza kanuni. Mwanafunzi hupewa kisa, yaani kurasa kadha wa kadha zenye habari za kampuni fulani, hesabu zake, na taabu iliyompata msimamizi wake. Kisa hukoma pale pale msimamizi anapopaswa kukata shauri. Mwisho haumo. Mwanafunzi huulizwa: Wewe ungefanya nini?

Walimu wa dini watafahamu upesi tofauti iliyopo. Katika darasa la Katekisimo swali lina jibu lake, na jibu lilikuwapo kabla mtoto hajazaliwa. Kazi yake ni kulishika na kuliishi. Katika darasa la visa jibu halimo kitabuni wala halimo mfukoni mwa mwalimu. Hatusemi kuwa njia moja ni ya werevu na nyingine ya ujinga. Kila moja ina mambo yake. Twasema tu kuwa mtu aliyelelewa katika ile ya kwanza, akiingizwa ghafula katika hii ya pili, huwa kama mtu aliyezoea kupanda mlima, akaambiwa aogelee.

Sasa tumfikirie binti mmoja wa Machame aliyekwenda huko. Si mtu fulani; twamfikiri tu, lakini mambo yanayomzunguka ni ya kweli. Usiku husoma visa viwili au vitatu vya kesho. Asubuhi, kabla ya somo, hukutana na wenzake wachache kuvijadili. Kisha huingia katika chumba kilichojengwa kwa ngazi kama nusu ya duara, wanamoketi wanafunzi kama 90, kila mmoja mahali pake, na jina lake limeandikwa mbele yake. Mwaka wa kwanza hao 90 hawaachani. Walimu ndio waingiao na kutoka. Mwalimu aweza kumtaja mmoja pasipo kumwonya, ndiye afungue kisa, na moyo wa kila mtu hupiga kabla jina halijatajwa. Yuko na mwandishi anayeandika ni nani aliyesema. Katika masomo mengi ya mwaka wa kwanza kadiri ya nusu ya alama hutokana na maneno ya darasani. Tena alama hugawanywa kwa kipimo kilichokatwa mapema: wachache wa juu hupata daraja la kwanza, walio wengi la pili, na kama mmoja katika kila 10 hana budi kuangukia chini yao, hata ikiwa wote wamejitahidi. Maana yake, katika chumba kile watu kama 9 watashuka, na kila mmoja ajiuliza kama ni yeye. Karo peke yake imepita dola 70,000 za Marekani kwa mwaka, na wengi wameikopa. Basi si ajabu mikono ikiinuka kama msitu.

Somo moja huchukua dakika 80. Ukizigawa kwa watu 90, hapana hata mmoja apataye dakika nzima. Hapo ndipo tuonapo neno la maadili, kwani muda ule ni sinia moja waliloandaliwa wote. Anenaye dakika nne amekula sehemu za wenzake wanne. Ikiwa alichowapa kina thamani kuliko alichokula, wote wameshiba. Ikiwa amerudia neno la aliyemtangulia kwa sauti ya ujasiri zaidi, amewaibia wenziwe, na juu ya hayo amelipwa. Walimu wa huko husema kwamba wapima uzito wa maneno wala si wingi wake. Twawasadiki. Lakini neno ni gumu kulitia mizani, na jina huandikwa upesi kuliko maana. (Wala sisi tusijitoe. Katika vikao vyetu vya usharika wamo waliosimama na kusema, kusudi tu jina lao lionekane katika kumbukumbu za kikao. Na mwandishi wa maneno haya alipata kuwa mmoja wao.)

Basi binti yetu anyamaza. Asema moyoni: penye wazee haliharibiki neno, nami si mzee. Ajiona kuwa mwema kuliko wale wenye mikono juu. Je, ni kweli?

Tuseme kisa cha siku ile ni cha kampuni inunuayo kahawa kwa wakulima wadogo wa mlimani. Wenzake wanena kwa ufasaha. Mmoja asema kuwa mkulima auzaye mapema kwa bei ndogo hajui habari za soko, afaa kufundishwa. Mwingine asema apewe simu yenye habari za bei. Binti yule amekulia katika kihamba, chini ya migomba, na kahawa ikianikwa uani. Babu yake aliuza kwa chama cha ushirika cha Kilimanjaro, kile kilichoandikishwa mwaka 1933. Ajua kuwa baba yake alizijua bei vizuri sana. Aliuza mapema kwa sababu Januari inakuja na karo za watoto hazingoji soko. Neno hilo moja lingeweza kuligeuza shauri lote. Lakini kulinena ni kuutandaza umaskini wa nyumba yao mbele ya wageni 89. Mkono wabaki mezani, na dakika 80 zaisha.

Sisi twaona kwamba siku ile naye aliiba. Kunyamaza kwa heshima na kunyamaza kwa woga kuna sura moja; mwenyewe tu ndiye ajuaye ni kupi. Mzee wa baraza anyamazapo, hungoja neno lake liive. Binti huyu neno lake lilikuwa limekwisha kuiva, akalizika. Na wale waliotoka chumbani siku ile watakuwa wasimamizi wa makampuni, wengine pengine ya kahawa, nao wamechukua shauri bovu ambalo yeye peke yake angeweza kulisahihisha.

Lakini hapa ndipo ugumu ulipo. Kwa shule neno lake na neno la yule wa simu yana malipo sawa, au yakaribiana. La yule halikumgharimu kitu. Hili lingemgharimu sana. Katika darasa neno hulipiwa. Katika kazi, mara nyingi neno linalohitajiwa kuliko yote humtoza alisemaye. Je, mtu aliyezoezwa miaka miwili kunena kwa malipo atanena siku ya gharama?

Kiko kisa kijulikanacho katika shule za biashara, na wasomaji wetu watakaokwenda huko watusamehe tukikifunua. Chaeleza kundi la watu wa mashindano ya motokaa. Wameshindana mara 24, na mara 7 injini yao imeharibika. Leo kuna baridi kuliko siku zote walizoshindana, kama nyuzi 4 za sentigredi. Wakifanya vema watapata fedha nyingi. Injini ikivunjika mbele ya watu, kazi yao imekwisha. Fundi mmoja aishuku baridi. Wanafunzi huonyeshwa hesabu za zile mara 7 za kuharibika, nazo hazina neno lililo wazi juu ya baridi. Hujadiliana kwa nguvu, na mara nyingi walio wengi huchagua kushindana. Ndipo waambiwapo kuwa hesabu zile si za motokaa. Zahusu Challenger, chombo cha Marekani cha kwendea anga za juu, kilichorushwa asubuhi ya baridi tarehe 28 Januari 1986, kikapasuka baada ya sekunde 73, na watu 7 waliokuwamo wakafa wote. Mipira ya kuzibia maungo ya roketi zake ilikuwa imekakamaa kwa baridi.

Na zile mara 17 ambazo injini haikuharibika? Mwanafunzi akiziuliza hupewa. Akiziweka pamoja na zile 7 huona mara moja kwamba kila walipojaribu chini ya nyuzi 18 palikuwa na uharibifu. Lakini wachache huuliza. Kuuliza ni kukiri mbele ya watu kwamba hujui, na siku ile kila mtu ataka kuonekana ajua.

Tukiacha darasa na kuitazama habari yenyewe, twaona jambo la kutisha zaidi. Usiku uliotangulia wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zile walinena. Roger Boisjoly alikuwa mmoja wao. Walisema chombo kisirushwe katika baridi ile. Wakubwa wao wakajitenga kushauriana, kisha wakatoa jibu jingine, na chombo kikarushwa. Boisjoly baadaye alitoa ushuhuda mbele ya tume iliyochunguza ajali, na baadhi ya wenzake wakamtenga. Neno lake lilikuwa la kweli, nalo lilimgharimu kazi na raha yake. Hapakuwa na mwandishi wa kumwekea alama.

Kwa hiyo hatuwezi kuikubali shule ile kwa moyo wote, wala hatuwezi kuwapongeza wazazi wetu kwa moyo wote. Shule yafundisha kinywa kufunguka, lakini yakifungua kwa fedha. Nyumba zetu zafundisha kinywa kungoja, na mara nyingi kinangoja hata ajali imekwisha kutokea. Tuonavyo sisi, binti yule ana mtaji ambao wenzake wengi hawana: alikwisha kujifunza kusikiliza kabla ya kujifunza kunena. Akitumia usikivu ule kuuliza habari za zile mara 17, na akikubali kulipa gharama ya neno lake la kahawa, atakuwa amepata kitu ambacho shule haikukiweka katika hesabu yake. Kama atakipata hatujui. Baridi ya Boston ni kali, na deni ni kubwa.

Tuseme amekinena siku nyingine, katika kisa kingine. Jioni apita daraja la miguu linalouvuka mto Charles, visa vya kesho vimo mkobani, na barafu yang'aa ukingoni. Simu yalia. Ni baba yake, ambaye huko Machame usiku umekwisha kuwa mwingi, lakini hakulala.

"Wawaheshimu walimu wako, mwanangu?"

"Nawaheshimu, baba. Leo nimesema mbele ya wote. Nimesema habari zetu za kahawa na karo."

Mzee akaa kimya kidogo.

"Nao walinyamaza ulipokuwa ukisema?"

Akumbuka kuwa kabla hajamaliza, mikono kama 20 ilikuwa imekwisha kuinuliwa.