Kufungua Kazi ya Mwingine: Je, Ni Wizi?

Fundi akinunua saa, akaifungua apate kuona jinsi inavyokwenda, hatumwiti mwizi. Saa ni yake, na ikiharibika, hasara ni yake vilevile. Lakini akitengeneza saa mia za kufanana na ile, akaziuza kana kwamba amezibuni mwenyewe, kila mtu ataona ubaya. Basi, mpaka uko wapi? Twataka kuutafuta katika kazi moja ya siku hizi, nayo ni kuzisoma chipu za zamani za kompyuta.

Chipu ni kipande kidogo cha silikoni, nacho ndicho kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta. Kimefungwa ndani ya plastiki nyeusi au kauri, hata aliyekinunua hawezi kuona kilichomo. Wanaotaka kukisoma huyeyusha ile plastiki kwa asidi kali, hukiweka kipande chini ya hadubini, hupiga picha nyingi ndogo ndogo, kisha huziunganisha ziwe picha moja kubwa. Tena huondoa tabaka la madini lililo juu, waone yaliyo chini yake. Ndipo huifuata kila njia ya umeme, kama mgeni afuataye vijia vya mji asioujua, mpaka waweze kueleza kazi ya kila sehemu.

Hivyo ndivyo ilivyotendeka kwa chipu iitwayo 6502, iliyotolewa mwaka 1975 na kiwanda cha MOS Technology huko Marekani. Iliuzwa dola 25 tu, na nyingine za namna yake zilikuwa ghali kuliko hiyo mara nyingi. Kwa hiyo iliingia katika Apple II na kompyuta nyingine ambazo watu waliweza kuziweka nyumbani. Mwaka 2010 Greg James, Barry Silverman na Brian Silverman waliwaonyesha watu matokeo ya kazi yao: transista 3,510 zimechorwa kutokana na picha, pamoja na programu iigayo mwendo wake wote.

Je, walimwibia nani? Wako wasemao: «Aliyeibuni alitoa jasho na fedha, siri ile ni mali yake, anayeifungua avuna asipopanda.» Neno hilo lina uzito, nasi hatulidharau. Mshindani mwenye picha za namna hiyo aweza kunakili kwa muda mfupi kazi ya miaka. Huyo kweli amekula jasho la mwenzake. Ndiyo sababu Marekani ilitunga sheria mwaka 1984, ya kuilinda michoro ya chipu kwa miaka 10. Walakini sheria hiyo hiyo yaruhusu kuitoa michoro hiyo kwa ajili ya kufundisha na kuchunguza ujuzi uliomo. Yaani yatenga mambo mawili: kuuza kazi ya mwingine, na kuielewa.

Sisi twaona mgawanyo huo ni wa haki, hata kama sheria isingekuwapo. Mkate ulioliwa na mmoja haupatikani tena kwa mwingine. Bali ujuzi ukimfikia wa pili, haupungui kwa wa kwanza. Mwenye kubuni astahili ujira wake. Hastahili kuwafumba watu macho siku zote.

Tena, pengine kufungua kwahitajiwa ili kweli ijulikane. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha Virginia, aligundua kwamba chipu ya Pentium ilikosea katika kugawanya hesabu fulani. Kampuni ya Intel, iliyoitengeneza, ilikuwa imekwisha kulijua kosa hilo bila kulitangaza. Ikasema ni dogo, ikataka kuwabadilishia wale tu walioonyesha kwamba wana haja. Watu walikasirika sana, hata mwezi wa Desemba ikakubali kumbadilishia kila aombaye. Jambo hilo liliigharimu dola milioni 475. Miaka 30 baadaye, mwaka 2024, Ken Shirriff aliitazama chipu hiyo kwa hadubini, akaonyesha mahali penyewe: katika jedwali la tarakimu lililomo ndani yake mlikuwa na nafasi tupu, na 5 kati yake ndizo zilizoharibu hesabu.

Anayeuza kitu kilichofungwa amwambia mnunuzi: «Niamini.» Basi asikasirike akikaguliwa. Mwenye kukagua hakumvunjia heshima. Amemchukua kuwa mtu wa kweli, ambaye neno lake laweza kupimwa.

Lakini si kila ajuaye kufungua afungua vema. Mtu akiichungua chipu ya kadi ya benki ili achukue akiba ya mwingine, ni mwizi, ijapokuwa atumia hadubini ile ile. Kwa hiyo anayetaka kufungua kazi ya mwenzake, iwe chipu, iwe redio, iwe mashini ya kushona, ajiulize kwanza mambo matatu. Kitu hiki ni changu, au nimepewa ruhusa? Nataka kuelewa, au nataka kuuza jasho la mwingine? Nitakachokijua, je, kitamdhuru mtu? Akijibu vema, na afungue bila hofu.

Na fundi anayefunika kazi yake kabla ya kuiuza, naye ajiulize neno moja: kifuniko hiki kikiondolewa baada ya miaka 30, nitaweza kusimama karibu na kuitazama?