Kete Zisizo na Jina

Waliosema "haba na haba hujaza kibaba" hawakutuambia kibaba kikishajaa, zile haba tuzifanyeje.

Desemba iliyopita mjukuu wangu asomaye Marekani alikuja kututembelea hapa Arusha. Jioni moja, barazani, alimwaga kadi zake mezani. Mchezo wenyewe unaitwa Magic. Ulianza kuuzwa mwaka 1993, na aliyeubuni ni Richard Garfield. Katika namna aipendayo mjukuu wangu, mchezaji hupanga kadi 100: jemedari mmoja, na 99 za kumtumikia. Jemedari wake ni Krenko, bwana wa vizimwi. Kila aamriwapo, huleta vizimwi vipya kwa hesabu ya vilivyopo: viwili huwa vinne, vinne huwa vinane.

"Hivyo vinavyozaliwa havina kadi, babu. Niazime kete zako za bao."

Nikampa. Akanionyesha alivyopanga zile 99: kadi za kumleta jemedari mapema, za kumharakisha, na za kutoa kafara. Kizimwi kimoja kikichinjwa, adui hupungukiwa uhai mmoja kati ya 40 alizoanza nazo.

"Kwa hiyo unavizalisha ili uvichinje?"

"Ndiyo, babu. Ni kete tu."

Jemedari akiuawa, aweza kuitwa tena kwa gharama kubwa zaidi. Kadi ya kawaida huenda makaburini, na pengine hufufuliwa. Kete hutoweka kabisa. Katika bao letu sivyo: kete iliyoliwa hupandwa upande wa aliyeila, na zote 64 zimo mchezoni hadi mwisho.

Usiku ule sikulala vizuri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Mimi, mhitimu wa chuo cha ualimu, nilikuwa mwalimu mkuu kijana kwenye miteremko ya Mlima Meru. Nilipokea vijana wanne. Niliwapa madarasa yaliyofurika, ambayo sisi wenye vyeti hatukuyataka. Tuliwaita "wa UPE", nao walisikia. Mmoja alipougua na kurudi kwao, niliandika barua ya mstari mmoja: naomba mwingine. Sikwenda kumjulia hali. Leo jina lake silikumbuki.

Sisemi lengo lilikuwa baya. Wapo wazee wa rika la watoto wale wanaosoma barua zao wenyewe kwa sababu ya vijana wale. Taifa lilihitaji wengi, na wengi hawapatikani bila kuhesabu. Kosa langu ni kwamba nilipomaliza kuhesabu sikuuliza majina.

Mjukuu wangu hana hatia. Kizimwi cha mezani hakina mama. Lakini wewe msomaji, kama umepewa watu wa kuwaongoza, chunguza siku utakapoandika "naomba mwingine". Aliyeondoka alikuwa nani?

Asubuhi kete moja ilikosekana. "Acha tu, babu, zipo nyingi," akasema. Nilipiga magoti nikaitafuta.