Fimbo ya Mchawi Mwema



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Rumonge. Jioni moja, wavuvi wakiandaa taa na nyavu za ndagala, mjomba aliniita: "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu. Niandikie Ayatul-Kursiy niifunge kwenye boti." Nilisita, na cha ajabu, kilichonijia akilini ni kitabu cha katuni.

Mwaka 1965, Stan Lee na Steve Ditko wa Marekani walimkutanisha Spider-Man na Doctor Strange, mchawi anayewalinda watu. Adui yao, Xandu, naye ni mchawi. Ana nusu ya fimbo ya uchawi. Nusu ya pili anayo Strange. Xandu anatuma watu waiibe, anaziunganisha, na fimbo inamtii.

Je, uchawi unafaa ukitumiwa kwa wema? Jibu tunalo katika Suratul-Baqara, aya ya 102: Haruta na Maruta walimwonya kila aliyetaka kujifunza kwamba wao ni mtihani, asikufuru. Nia njema haihalalishi njia ya haramu. Lakini swali la mjomba ni gumu zaidi, kwa sababu hakuomba uchawi, aliomba Qur'ani. Na wanazuoni wamehitilafiana kuhusu hirizi ya aya tupu: wako walioiruhusu na wako walioikataa.

Hapo katuni ilinisaidia. Fimbo ile haitazami moyo; humtii yeyote aishikaye. Dua haiko hivyo. Haiibiwi, wala haimlazimishi Mola. Nikajiuliza: karatasi ikishafungwa, mjomba ataendelea kuomba, au ataiachia karatasi imwombee? Na ziwa likichafuka, atageuza boti mapema?

Sikuandika. "Kwa hiyo unaniacha hivi hivi?" aliuliza. Swali lile lilinichoma, kwani kukataza ni rahisi kwa anayelala nchi kavu. Nikaketi naye mchangani, tukaisoma Ayatul-Kursiy pamoja. Kisha nikauliza kuhusu majaketi ya kujiokolea. Yalikuwa mawili kwa watu wanne.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Tukachangishana nyumbani, tukanunua la tatu. La nne bado, na deni hilo ni langu, maana mimi ndiye niliyemnyima karatasi.

Wallahu a'lam.