Nyuma ya Swichi

Wiki iliyopita nilibadilisha swichi ya taa darasani, hapa kambini. Nilizima meni swichi, nikapima kwa testa, nikafungua kifuniko. Boksi lenyewe ukutani lina kina cha milimita 16 tu, na waya zimeshindiliwa ndani kama abiria wa matatu. Fundi aliyenitangulia alizikata fupi mno. Mbaya zaidi, swichi aliiweka kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto.

Taa ilikuwa inawaka na kuzimika vizuri tu. Lakini hata ikizimwa, holda ilibaki na umeme. Mwalimu akipanda mezani kubadilisha balbu, angejua yuko salama, kumbe hayuko.

Nikajiuliza: kazi isiyoonekana, nani anaidai? Wengi wetu husema, "Ya nini kujisumbua? Hapa si kwetu, kesho tunaondoka." Mimi pia nimewahi kusema hivyo. Lakini nikiondoka, umeme unabaki ukutani. Tena sitakuwepo kumwonya mtu. Kazi yangu ndiyo itasema badala yangu. Mgeni ana deni kwa mgeni atakayemfuata.

Basi nikarudisha waya wa moto kwenye swichi, nikaunga zile fupi, nikazikunja moja moja nyuma, nikakaza skrubu polepole zisiminywe. Asubuhi nzima ikaisha.

Mwalimu akabonyeza, taa ikawaka kama jana. "Mbona sioni tofauti, fundi?"

"Zima, mwalimu. Tofauti iko hapo."